Mama Hakugusa Kikombe

Mwezi uliopita nilirudi kwenye ile hoteli ya Kitale, ile yenye paa la vigae vyekundu na nyasi zilizonyolewa, nikakuta wameiharibu. Sisemi kwa wivu. Siku hizi unachukua sahani mwenyewe, unapanga foleni kama uko shule ya bweni, unajipakulia wali na kuku huku kijana mwenye kofia ndefu nyeupe anakutazama usizidishe, halafu unatangatanga kutafuta kiti. Chai iko ndani ya mtungi wa umeme wenye bomba. Binti wa dada yangu ndiye aliyetualika ili tumwone kijana anayetaka kumwoa. Wenzangu walipokuwa wakipiga picha za vyakula vyao, mimi nilikuwa natafuta kwa macho ile kona iliyokuwa na meko ya kuota moto. Wameweka televisheni hapo.

Wewe rafiki yangu kaa nikusimulie habari ya kona hiyo. Nilikuwa na miaka tisa.

Sisi ni watu wa Myanga, kule Bungoma. Mama alikuwa mjane, ana kishamba cha mahindi na mahali pake sokoni pa kuuza maharagwe na wimbi. Dada yangu mkubwa alikuwa mwalimu mji wa Kwanza, karibu na Kitale, na huko ndiko alikompata mtu wake, kijana wa ofisi ya kilimo. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa wale wakulima waliotoka katikati ya nchi wakanunua mashamba Trans-Nzoia, watu wa kanisa na kazi, wasiopenda mchezo. Kijana mwenyewe alikuwa mpole mpaka unamhurumia. Shida ilikuwa mama yake.

Dada alikuja nyumbani Ijumaa, na tulipokuwa tukiosha vyombo nyuma ya jikoni akanimwagia yote, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Mamake anataka kutuona kwanza. Akituona ni watu wa mambo mengi, ati hataleta wazee kwetu. Na yeye asipokuja, huyu hataoa. Hajawahi kumpinga mamake hata siku moja." Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Kijana ndiye aliyetafuta mahali, pasiwe kwao wala kwetu: Jumamosi, saa tisa, chai kwenye hoteli kubwa ya Kitale.

Sasa hapa lazima nikueleweshe jambo moja, la sivyo utamwona mama yangu mshamba. Kwetu, mama hali mbele ya mwanamume anayemwoa binti yake. Hakai naye meza moja, hampi mkono, wala hamtazami usoni. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe, na huondolewa miaka baadaye, siku mkwe anapoleta blanketi na zawadi zake na watu wakashuhudia. Nilishamwona mama, debe la maji kichwani, akiingia katikati ya miwa ya jirani kwa sababu mume wa binamu yangu ametokea kwenye kona ya njia. Alisimama humo mpaka yule bwana akapita, na hakuna tone lililomwagika. Alikuwa akisema, "Mkwe ni moto, unauota kwa mbali."

Dada aliyajua haya kuliko mimi. Nikamwuliza kama amemweleza mtu wake.

"Nimweleze nini? Ati mama yangu hukimbilia kwenye miwa? Si mamake atasema ndiyo hayo mambo mengi yenyewe."

Basi hakumweleza. Kibaya zaidi, hata mama hakuambiwa kwamba kijana atakuwepo. Aliambiwa anakwenda kunywa chai na mama mwenzake, akafurahi kweli. Dada alikuwa amepiga hesabu zake kichwani: atamkalisha mama huku, kijana kule, maneno yatakuwa mengi, na hakuna atakayetambua nani amekula na nani hajala. Mficha uchi hazai, lakini nani angemwambia dada wiki ile.

Jumamosi mama alitulisha uji wa wimbi na viazi vitamu mpaka nikashindwa kufunga mkanda wa gauni. Ilikuwa kanuni yake. "Usiende kwa watu na tumbo tupu, macho yatakusema." Alipiga pasi ya makaa nguo zetu sisi watatu, akanisugua visigino kwa jiwe, akavaa gauni lake la buluu la kanisani na leso mpya mabegani. Nilimtazama nikataka kumwambia. Nilifungua mdomo, dada akanitazama, nikaufunga.

Ile hoteli wakati huo ilinyamaza. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kimya chake, na harufu ya nta ya sakafu iliyochanganyika na moshi wa kuni. Kapeti ilimeza hatua zetu. Weita alivaa koti jeupe lililokazwa kwa wanga, akatuinamia kama tuna cheo fulani, na mama akamwinamia pia. Alitupeleka kwenye kona ya meko. Hapo alikaa mama mmoja mwenye suti ya kijani na kofia, mkoba umesimama magotini. Kando yake kijana akainuka kwa haraka, akavuta tai, akaja amenyoosha mkono.

Mama alisimama kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni. Mikono yake ikaingia ndani ya leso. "Mulembe," alisalimia, akiisalimia kapeti. Mkono wa kijana ukabaki hewani mpaka dada akaudaka yeye mwenyewe, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Niliyaona macho ya yule mama wa suti ya kijani. Hayakucheka.

Tukaketi, maana hapakuwa na la kufanya. Meza ilikuwa ya duara, viti vitano, hakuna huku wala kule. Hesabu ya dada ikafia hapo hapo. Mama alichukua kiti chake akakigeuza kuelekea dirishani, kijana akabaki akiona bega lake tu. Nje, manyunyu yalikuwa yameanza.

Chai ikaja kwa vipande. Birika la maji ya majani, jagi la maziwa ya moto, sukari kwenye bakuli na koleo lake, ujichanganyie mwenyewe kama dawa. Kwetu chai ilichemshwa pamoja na maziwa mpaka ikafura. Halafu kikaja kile kinara cha sahani tatu zilizopandana: juu keki, katikati skonsi na jamu, chini sandwichi za tango zilizokatwa kingo za mkate. Nilikuwa nimeshiba viazi na bado mate yalinijaa. Sikuthubutu kunyoosha mkono, maana mama hakuwa amenyoosha wake.

Mamake kijana aliuliza habari za safari, za mvua, za mbolea. Mama alijibu kila kitu vizuri, kwa adabu, kwa dirisha. Kisha kijana akafanya lile ambalo nadhani alikuwa amelipanga usiku kucha. Alichukua birika kutoka kwa weita, akasimama, akamtilia mama chai kwa mkono wake mwenyewe. Akamwekea maziwa. Akamwekea keki kwenye sahani, akazunguka meza, akamwekea pale pale karibu na kiwiko. Mama akasogeza kiti mbele kidogo. Mguu wa kiti ukatoka kwenye kapeti, ukalia kwenye ubao. Naye maskini akadhani ameweka mbali, akaisogeza sahani karibu zaidi. Mama akasogea tena. Ilikuwa mateso, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake kwa nguvu zake zote.

"Labda hapendi chai ya hapa," kijana akamwambia dada. "Niagize soda?"

Dada akatikisa kichwa. Sidhani alijua anakataa nini.

Mamake akaweka kikombe chake chini, taratibu. "Mama," alisema, "mimi ni mtu wa kusema wazi, utanisamehe. Mwanangu amekupa mkono, umeukataa. Amekupa chai, umeikataa. Kwetu mtu akikataa chai amemkataa aliyeimimina. Kama hamumtaki si mseme tu, turudi Kwanza kabla barabara haijaharibika."

Chini ya meza dada alinikamata goti. Kucha zake ziliingia nyamani na sikulia. Aliinama kwa mama akamnong'oneza kwa lugha yetu, anywe, funda moja tu, amwokoe. Hapo ndipo mama alipogeuza uso akamtazama, na nikaona ameelewa kila kitu, kwamba dada alijua tangu mwanzo nani atakuwa mezani. Hakukasirika. Alionekana amechoka tu. Akatazama kikombe. Maziwa yalikuwa yameshatanda utando juu. Mkono wake ukatoka ndani ya leso, ukaelekea kwenye kishikio.

Nikajua atakunywa. Kwa ajili ya dada atakunywa, halafu atarudi Myanga na hatakuwa tena mama yule wa kwenye miwa, atakuwa mtu aliyevuliwa nguo hotelini mbele ya mkwe wake. Hilo lilinitisha kuliko harusi kuvunjika. Na mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto haingilii maneno ya wakubwa, kofi lake nilikuwa nalijua.

"Mama hawezi kula mbele ya mkwe wake," nikasema.

Dada alinifinya mpaka machozi yakanitoka. Yule mama wa suti ya kijani akanigeukia. "Mkwe gani?"

Nikamwonyesha kijana, kwa kidole kabisa, tabia mbaya hivyo. "Huyu."

Kuni zikapasuka kwenye meko. Mkono wa mama ukarudi ndani ya leso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatoka ikiwa yake. Hakugeuka.

"Huyo mtoto amesema. Mama, angekuwa mtu wa njia tu, hiyo keki ningekuwa nimeshamaliza, na kikombe cha pili ningeomba. Mimi sikuambiwa atakuwa hapa. Lakini nilipoingia pale mlangoni nikamwona, nilimwona mkwe. Sasa nitakulaje?"

Yule mama alimtazama mgongo. Kisha akamtazama mwanawe aliyesimama na birika mkononi. Akashika mkoba wake, akainuka.

"Wewe," akamwambia mwanawe, "toka nje."

"Mama?"

"Toka. Mwenzangu ana njaa na wewe umemsimamia hapo na birika kama askari. Toka, mama mkwe wako ale."

Akatoka. Alisimama kwenye manyunyu kando ya ua wa misonobari, tai yake inalowa, ametupa mgongo. Mamake akaburura kiti chake mpaka kando ya mama, kapeti ikakunjika na weita akajifanya haoni. Mama akageuka mezani, akaomba sala fupi, akala. Alikula keki, akala skonsi mbili, akaonja sandwichi akasema mkate na tango bichi ni chakula cha mgonjwa. Yule mama akacheka mpaka kofia ikainama. Dada alilia ndani ya kitambaa cha hoteli, na hakuna aliyemwuliza kitu. Nami nikanyoosha mkono.

Njiani kurudi mama hakumsemesha dada hata neno moja mpaka tukapita Bungoma. Nyumbani alimsema mpaka ugali ukaungua. Mimi hakunipiga. Alinipa matandu yote.

Wazee walikuja baada ya mavuno, wakaoana. Blanketi lilichelewa miaka, kama kawaida ya mablanketi, na lilipokuja mama na mkwe wake walikula sahani moja mbele ya watu, yeye akiwa mzee tayari na kijana akiwa na kitambi. Wote wawili, mama na yule mwenzake wa suti ya kijani, tumeshawazika. Ile miwa ya jirani imekatwa, pamejengwa nyumba za kupangisha. Na desturi yenyewe, sijui iliondoka lini. Hakuna aliyeifukuza. Siku moja tu unaona hakuna anayejificha.

Mwezi uliopita dada alikaa bega kwa bega na kijana wa binti yake. Kijana alimwita "mum", akamtolea paja la kuku kutoka sahani yake mwenyewe, wakapiga picha shavu kwa shavu. Dada akala lote. Simlaumu, na ukweli ni kwamba ilikuwa raha, hakuna kiti kilicholia, hakuna aliyetolewa mvuani. Nani anataka tena mateso yale. Lakini tulipotoka kwenda kwenye gari nilimshika mkono nikamwuliza kama amemkubali.

Alisimama, akafikiri. "Sijui, bana. Ni kijana mzuri. Kwani wewe umeonaje?"

Nikamwambia nimeuliza tu. Nilikuwa nimekaa mbele yake saa mbili nzima, nikimtazama akila, na sikuweza kujua. Mama hatukuwahi kuhitaji kumwuliza.