Unga Haukuwa na Kosa

Siku ambayo mpaka leo inanishusha macho, hata nikiwa peke yangu, ni ile mama mkwe wangu alipojitwisha debe la unga, akaenda nalo nyuma ya choo na kulimwaga lote. Ulikuwa mwaka wa njaa, mwanangu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la kijiji kutafuta unga wa aina ile ile. Mimi nilikuwa nimelala ndani, mlango uko wazi, nikimwona. Neno moja tu kutoka kwangu lingemzuia, na sikulisema.

Nakusimulia wewe, mke wa kitinda mimba wangu, kwa sababu juzi asubuhi ulikimbilia nje umeziba mdomo, halafu ukarudi ukasema ni vumbi. Vumbi gani hilo mwanangu, na mvua ilinyesha usiku kucha? Lakini sikukuuliza. Kwa desturi yetu mama mkwe haulizi. Anangoja shangazi wa upande wa binti aje kusema, tena mimba ikiwa imeshakomaa kidogo, maana mimba changa haitangazwi. Nami nilingoja hivyo hivyo kwa upande wangu, na kungoja huko ndiko kulikonifikisha pabaya. Basi sikiliza tu, usinijibu kitu.

Mimi nilizaliwa Mhezi, huko juu, kwenye baridi na migomba. Kwetu ng'ombe alikuwa mmoja, yuko bandani anakatiwa majani, na maziwa yake yalichemshwa pamoja na majani ya chai, basi. Nikaolewa chini tambarare, kijiji cha Bendera. Baba mkwe wako alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, harudi nyumbani ila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi na mama yake, mjane mmoja mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye watu walimwita Mama Eliamini.

Kama kuna mtu niliyewahi kumwona msafi, ni yule mama. Maji ya kunywa alichemsha, na kuni zenyewe zilikuwa za kufuata mbali. Vyombo vyake vilikauka juani kichanjani, na sabuni ilipoadimika alivisugua kwa majivu mpaka vikang'aa. Hata ule unga wa njano wa msaada, ambao wengine waliusonga kama ulivyotoka kwenye gunia, yeye aliuanika kwenye ungo, akauchekecha, akaunusa, ndipo akaupika. Ulikuwa na harufu yake ya kigeni, sikatai. Lakini haukuwa mbovu, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi niliyeupepeta naye.

Mimba iliponishika, harufu ile ya unga ikanishinda. Nilikuwa nikisonga ugali nimebana pumzi. Nikila matonge mawili natoka nje, nasingizia kuku wameingia bustanini, natapika nyuma ya ua, nafukia kwa mguu, narudi. Mama akiniangalia, mimi naangalia sahani. Sasa najua kwamba alijua. Mwanamke aliyezaa hadanganywi na kuku. Lakini naye alikuwa akiishika desturi, anangoja kuambiwa.

Ukame ule ulikuwa umewaleta wafugaji wa Kimaasai na ng'ombe wao kutafuta maji, wakaweka boma karibu na njia yetu ya kisimani. Pale palikuwa na mama mmoja mcheshi, nikimwita Yeyoo kama watoto wake walivyomwita. Asubuhi moja nilipita tumbo linanisokota kwa utupu, nikamkuta anakamua. Akanipa maziwa, yana povu, yana joto la ng'ombe. Nikayanywa. Yakatulia tumboni, kitu cha kwanza kutulia kwa siku nyingi, na nilisimama pale machozi yananitoka kwa raha.

Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Yeyoo alihitaji unga, nami nilikuwa na njia ya kuupata. Nikawa nachota kikombe kwenye debe la Mama, nakificha kwenye ndoo, naye ananijazia kikombe kile kile maziwa. Kuyachemsha? Jiko lilikuwa la Mama. Ningeyachemsha, angeuliza maziwa yametoka wapi na unga umekwenda wapi. Nikayanywa mabichi, nikajipangusa mdomo, nikaenda zangu kisimani nikiimba.

Unga ukaanza kwenda mbio. Mama alichungulia debe, akalifunika. Jioni akaanza kusema hana njaa, anasogeza sahani upande wangu. Nami nilikula, mwanangu, sikumwachia hata ukoko.

Halafu homa ikaja. Inapanda jioni, inashuka alfajiri, jasho linalowesha shuka, kiuno na magoti vinauma kama vya bibi kizee. Mama akanipeleka zahanati, tukitembea polepole, yeye amebeba khanga zangu. Muuguzi aliuliza yote aliyopaswa kuuliza. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu.

"Siku zako unaziona?"

"Naziona," nikasema.

"Unakunywa maziwa mabichi? Au umekula nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe? Ukame huu watu wanakula chochote."

"Hapana."

Mama akaongezea kwa ile sauti yake ndogo, "Anakula ninachokula mimi, nesi. Ugali na mchicha. Napika kwa mkono wangu." Alisema kwa fahari kidogo, maana ndicho alichokuwa nacho.

Nikapewa vidonge vya malaria. Viliniwasha mwili mzima, homa ikapungua kidogo, ikarudi vile vile. Kwa Yeyoo nikaendelea kwenda kila nilipopata nguvu, maana akili yangu ilikuwa ikiniambia maziwa ndiyo yanayonishikilia.

Kabla mwezi wa tatu haujaisha, mimba ikatoka. Sitakueleza sana. Mama alinishika mabega mpaka mwisho, akaniosha kwa maji ya moto, akafunga alichokifunga kwenye khanga yake mpya na kutoka nje na jembe. Hakunilaumu kwa kumficha. Aliporudi alinitengenezea uji, akakaa miguuni pangu.

Habari ikapanda milimani. Shangazi yangu akashuka kutoka Mhezi, mwanamke wa maneno, akakuta majirani wamekuja kunipa pole. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye debe, akachota unga kwa mkono, akaunusa mbele ya watu wote.

"Huu ndio mnaomlisha mtoto wetu?"

"Shangazi, hata mimi naula huo huo," Mama akasema.

"Wewe huna mimba."

Majirani wakatazamana, na nikaona jambo likiingia vichwani mwao na kukaa. Mmoja akasema taratibu kwamba kweli, unga huu siku hizi una ukungu, yeye huwapa kuku. Mama alinitazama. Alinitazama mimi, siyo shangazi. Nadhani alikuwa akiomba niseme tu kwamba mama huyu ni msafi, hata bila kutaja maziwa. Nikageukia ukutani.

Ndipo akalitwaa debe. Nilikwisha kukuambia alilipeleka wapi. Jioni ile tulikunywa maji ya moto, na shangazi akalala na njaa pamoja na sisi, hilo nakiri lilinifurahisha kidogo.

Homa haikwisha. Tukapata nafasi kwenye lori mpaka hospitali, Same mjini. Daktari wa pale alimwomba Mama angoje nje kwenye benchi, akafunga mlango, akaniuliza maswali yale yale ya muuguzi. Bila yeye kuwepo, nikasema yote, mpaka kikombe cha unga. Alinisikiliza. Akasema mimba nyingine hutoka bila sababu kujulikana, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba ni maziwa. Lakini homa yangu aliidhania ni ile inayotoka kwa mifugo, inaingia kwa maziwa yasiyochemshwa, nayo huweza kutoa mimba. "Ungesema siku ya kwanza," akasema, "tungejua pa kuanzia siku ya kwanza." Wakanipima damu, ikawa ndiyo yenyewe. Nikameza dawa kwa wiki nyingi.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi karibu na Mama. Sikuweza kumwangalia, nikazungumza na vidole vya miguu yangu. Nikamwambia habari za Yeyoo, za unga, za uongo wa zahanati.

"Ungeniambia," akasema, "ningekuchemshia."

Basi. Hakupaza sauti, hakunitusi. Nimewahi kupigwa na mama yangu kwa mwiko, nimewahi kufokewa na mchungaji mbele ya kanisa, lakini hakuna kilichowahi kuniumiza kama neno lile. Kwa sababu lilikuwa kweli. Kuni zilikuwepo, sufuria ilikuwepo, mama alikuwepo. Vyote vilikuwa vikiningoja nifungue mdomo tu.

Nikasema nitakwenda kumweleza shangazi na majirani. Akakataa. "Watakuita mwizi na muuaji wa mtoto wako," akasema. "Wewe bado kijana, utaishi na watu hawa miaka mingi. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Waache waseme unga." Nami, mwanangu, nilikubali upesi mno. Hapo ndipo aibu yangu ilipo hasa. Kunywa maziwa ulikuwa ujinga wa msichana mwenye kichefuchefu, mtu anaweza kunisamehe. Lakini nilipata nafuu kusikia mwingine anabeba mzigo wangu.

Miaka ikapita. Ikaja miaka ya ruksa, sukari ikarudi madukani, mitumba ikajaa gulioni, watu wakaanza kuchagua mchele wa kula. Njaa wakaisahau. Maneno ya unga hawakuyasahau. Mama akileta chakula kwenye msiba, wapo waliomega kidogo wakaacha. Alikuwa akirudi na chungu chake cha makande kimejaa, anasema watu leo hawakuwa na njaa. Nilimzalia wajukuu wanne, kila mimba alijua kabla hata ya mume wangu, na bado sikufungua kinywa mbele ya majirani. Mpaka tunamzika, nikasikia wanawake wawili jikoni wakinong'onezana, ndiye yule aliyemlisha mkwe wake unga wa ukungu. Nilikuwa nimeshika beseni la vyombo. Nikapita.

Sasa sikia ninachotaka ukishike. Maziwa yachemke mpaka yapande, hata kama yametoka kwa ng'ombe unayemjua jina. Nyama iive mpaka ndani, na ya mnyama aliyekufa mwenyewe usiipeleke mdomoni hata watu wakikucheka. Unga ukiona una ukungu kweli, usiuonee huruma. Kichefuchefu kikikuzidi hata maji hayakai, au homa ikikugusa, nenda kliniki siku hiyo hiyo, usikae unaiuliza simu yako. Ukifika huko, kabla hujameza kidonge chochote, sema kwamba huenda una mimba, na sema ulichokula na kunywa, hata kiwe cha aibu namna gani. Ukiona mimi nimesimama hapo unashindwa kusema, niambie, "Mama, ningoje nje." Sitanuna.

Na mbele yangu pia usifiche. Desturi ya kungoja ilikuwa nzuri kwa waliokuwa na moyo wa kuingoja, lakini katika nyumba hii mimi naivunja. Tumbo likikataa chakula changu, kikatae. Nitapika kingine.

Jumapili hii baada ya ibada nitawaomba wale kina mama waliobaki wa rika langu wakae kidogo. Wamebaki wachache, na wengine hawasikii vizuri, itabidi nipaze sauti. Nitawaambia kwamba Mama Eliamini hakumlisha mtu unga mbovu maisha yake yote, na kwamba mwizi nilikuwa mimi. Nataka uwepo, ulisikie kwa masikio yako, usije ukalisikia nusu nusu jikoni kwenye msiba wangu.

Mungu akulinde wewe na hicho ambacho sijakuuliza. Akupe chakula kinachokaa tumboni, akupe ulimi mwepesi kuliko wangu, na akikujalia siku moja uwe mama mkwe wa mtu, mke wa mwanao asikuogope.