Tulivyomfuata Faustini Mtowisa

Waliokuwemo kwenye gari nawataja kwanza, maana siku hizi safari hii inasimuliwa na watu ambao hawakuwemo. Nilikuwemo mimi, bibi yake Faustini, mzaa mama. Gervas mwanangu, mjomba wake. Leonsi jirani yetu hapa Pito, mwenye Kenta, ndiye dereva. Sikazwe, fundi pikipiki wa mjini, aliyewafundisha vijana uninja, nao wakimwita sensei. Na Aroni wa vipuri, mtu wa Mbeya, aliyefundisha pamoja na Sikazwe mpaka wakagombana, kila mmoja akisema uninja wa mwenzake si wa Japani. Faustini mwenyewe alikuwa Mtowisa, ameshakufa.

Tulikwenda kumchukua, na kumwondolea jina la wizi. Wafugaji wa bondeni walimpiga wakidhani ni mwizi wa ng'ombe, na neno hilo lilifika Pito kabla ya habari ya msiba. Majirani walichungulia tu. Hakuna aliyeleta hata kuni.

Asubuhi tuliondoka na upepo wetu wa Ufipa, ule wa kukata masikio. Nilivaa sweta mbili. Wote isipokuwa dereva tulikaa nyuma na jeneza tupu. Aroni ndiye aliyesema.

"Bibi, uninja wa kweli una ukoo. Mwalimu ana mwalimu wake, na yule ana wake, mpaka Japani. Huyu Sikazwe mwalimu wake nani? Video za simu!"

Gervas akamwambia, "Aroni, umeegemea jeneza. Nyamaza."

"Nanyamaza, kaka. Ila wakiniuliza kule, nitasema ninachojua."

Hapo nikaona hatari. Utetezi wetu wote ulikuwa kwamba kijana alikuwa mazoezini. Kama hakuna uninja, alitafuta nini na nguo nyeusi kwenye nyasi, karibu na zizi la watu?

Kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa Leonsi alishika gia ndogo, mawe yakigonga chini ya gari. Joto lilitupandia kutoka bondeni. Nikavua sweta moja, kona za mbele nikavua na ya pili. Gervas akanionyesha mwamba vijana walipofanyia mazoezi, kutambaa na kujificha. Nikamkumbuka Faustini shambani kwangu. Alijilaza katikati ya maharage, nikampita na jembe nisimwone. Akaibuka, "Bibi, ungekuwa adui umekwisha!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mtowisa tulipokelewa na mzee Masanja, mkubwa wa wale wafugaji, Msukuma, na mkewe Kabula. Polisi walikuwa wameshachukua vijana wawili wa pale. Tukapewa vigoda.

"Pole, mayu," Masanja akaniambia, yaani mama kwa lugha yao. "Tulikuwa tumeibiwa ng'ombe. Mke wangu alikwenda kuokota kuni, akaona macho kwenye nyasi."

"Nikauliza, wewe nani?" Kabula akasema. "Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nikapiga yowe."

"Na kwetu yowe likilia, kila mwanamume anakuja na fimbo. Lakini walimuuliza kwanza, mayu. Angetaja jina lake tu!"

Gervas akasema, "Alikuwa mazoezini, mzee. Uninja."

Aroni akakohoa. "Si uninja huo. Mimi nimejifunza. Hakuna mwanafunzi anayefundishwa kumnyamazia mwenye eneo lake."

"Basi alikuwa mwizi," Masanja akasema.



Ndipo Sikazwe akashuka kwenye gari, alikokuwa amebaki. Akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama tunavyowaamkia wakubwa Ufipa.

"Shikamoo, mzee. Ni mwanafunzi wangu. Nilimtuma ajifiche kwenye nyasi huku bondeni, na akikutwa asimjibu mtu mpaka nipige filimbi."

"Na filimbi?"

"Nilikuwa nayo. Nilikuwa kule juu mwambani. Niliposikia yowe, nikakimbia."

Kabula akamsogelea. "Hiyo sheria ya kunyamaza ni ya hao Wajapani?"

"Hapana, mama. Niliitunga mimi."

Aroni akatazama chini. Alikuwa ameshinda ubishi wake wa miaka, na hakuna aliyempongeza.

Masanja akawaita watu wake, akawaambia kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili ili nisikie: huyu hakuwa mwizi.

"Hapa umesema," Kabula akamwambia. "Na huko kwao nani atasema?" Akajifunga kanga, akapanda Kenta.

Kupanda mlima tulirudi na jeneza zito. Baridi ilipoanza Kabula akatetemeka, hakuijua. Nikampa sweta moja. Sikumpa kwa upendo, siwezi kudanganya. Nilimpa kwa sababu alikuwa anatetemeka. Sikazwe aliomba ashushwe njia panda, na sijamwona tena.

Pito, Kabula alisimama mbele ya ua wetu akasema kwa sauti, "Mimi ndiye niliyepiga yowe. Kijana huyu hakuwa mwizi." Kabla ya jua kuzama kuni zilikuwa zimejaa uani.

Mjini bado wanabishana uninja wa kweli ni upi. Mimi niliishia darasa la pili, Japani siijui. Nilichojifunza ni kwamba mtu akikaribia kwa wenzake akohoe, wajue anakuja, na kijana asifundishwe kuacha hilo.

Kama nimekosea jina, au nimempa mtu neno la mwenzake, mliokuwepo nisahihisheni. Gervas anasema sweta nilivua moja tu. Sawa. Lakini anayesikia bado neno la wizi, asije kunisahihisha mimi. Amuulize Kabula. Mtowisa wote wanamjua.