Chura wa Kipindi cha Pili

Krrraaa. Krrraaa. Krrraaa.

Mlio huo Enid Sugden aliujua kabla hajajua kusoma. Ulikuwa mlio wa mti ukigombana na mti: ulimi mwembamba wa mbao ukirukaruka juu ya meno ya gurudumu dogo, mtu akishika mpini na kuuzungusha hewani juu ya kofia za watu. Baba yake, Amos, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sufu, alikichonga chombo hicho cha kushangilia mwenyewe kutokana na mguu wa kitanda kilichovunjika. Na kwa kuwa kilikoroma kama dimbwi lililonyeshewa, nyumba nzima ikakiita Chura.

Chura alikuwa na kazi moja tu, kulia Hebdale Town, timu ya mji wao, wanapofunga goli. Hebdale hawakuwa wafungaji wa kutisha, kwa hiyo Chura hakuchoka.

"Nyumbani kila mtu anashangilia," Amos alikuwa akisema, akifunga vifungo vya koti. "Shabiki ni yule anayepanda basi."

Basi wakapanda basi, yeye na binti zake wawili, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenda viwanja ambako ng'ombe walifukuzwa asubuhi ili mpira uchezwe mchana. Mavis, mkubwa, alimshika Chura kipindi cha kwanza. Enid, mdogo, alimshika kipindi cha pili. Mapumziko yakifika, timu zikigeuza upande, watu nao waligeuza, kwa sababu katika viwanja vidogo kama vile hakuna viti wala uzio wa kutenganisha mashabiki; kila mmoja husimama nyuma ya goli ambalo timu yake inalishambulia. Wa huku wanakwenda kule, wa kule wanakuja huku, wanapishana karibu na kibanda cha chai, wakitupiana maneno. Hapo hapo, kwenye njia ya kupishana, Chura alihama mkono. Mavis alimtoa kwa shingo upande, Enid akampokea kama mtoto mchanga.

Kulikuwa na jambo jingine katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za mabonde yale. Jina la mtu wa damu halikutajwa likiwa uchi. Enid alikuwa Enid wetu. Mavis alikuwa Mavis wetu. Hata paka alikuwa Tibby wetu, mpaka siku alipomkwaruza mchungaji wa kanisa, ndipo akawa "paka yule" wiki nzima, akizunguka jikoni kwa unyonge kana kwamba ameelewa.

*

Jumamosi ya mwisho wa msimu, Enid, sasa mjane mwenye magoti yanayotabiri mvua, alipanda basi la mashabiki kwenda Marlbeck, upande wa pili wa mlima wa kondoo. Alijifunga skafu yake ya njano, na mkobani alikuwa na sandwichi za jibini na vitunguu.

"Enid, mama," alisema Cyril Ogden, tarishi mstaafu aliyekuwa kiongozi wa nyimbo, mzee mwenye sauti ya baragumu na masikio ya gogo. "Umebeba kitambaa cha machozi?"

"Nimebeba viwili. Kimoja chako."

"Sare tu inatutosha, jamani! Sare! Hata ya bila kwa bila, hata ya kusinzia!"

"Hawa vijana wetu hata kusinzia hawajui," alijibu Enid. "Wataanguka kitandani."

Basi zima likacheka, lakini kilikuwa kicheko cha wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Wakifungwa leo, Hebdale wanashuka daraja, kule ambako timu zote ziko kusini mwa mto, na Marlbeck watabaki walipo. Wengine waliomboleza hadhi ya klabu. Enid alikuwa na msiba wake mwenyewe, ambao hakuwahi kumwambia mtu. Mechi ya Marlbeck ndiyo ilikuwa kisingizio chake pekee cha kumwona dada yake.

Mavis aliolewa na Pickersgill, mwokaji mikate wa Marlbeck, akahamia huko, na hilo halikuwa kosa. Mapenzi hayaulizi skafu. Kosa lilikuja baada ya mazishi ya Amos. Mavis alimchukua Chura kutoka kwenye msumari nyuma ya mlango, bila kuuliza. Jumamosi iliyofuata Hebdale walikuwa wageni Marlbeck, na Marlbeck walipofunga goli, kutoka upande wa skafu za bluu ukapanda mlio ule, krrraaa, krrraaa, na kila mtu wa Hebdale akageuza shingo. Chura wa Amos analia kwa goli la adui, na udongo wa kaburi haujakauka!

Mapumziko, walipopishana kwenye kibanda cha chai, Enid alimsimamisha dada yake mbele za watu.

"Kuanzia leo," alisema, "wewe si wetu."

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Watu wa Hebdale walishika majembe yao, wakalima, msimu ukaja, msimu ukaenda. Pickersgill akafa, mume wa Enid akafa, kadi za rambirambi zikavuka mlima zikiwa na sahihi tu. Na kila Hebdale walipocheza Marlbeck, akina dada wale walipishana mapumziko, mmoja akienda kule, mwingine akija huku.

"Bi Pickersgill."

"Bi Sugden."

Basi. Lakini Enid alikuwa akilala na kuamka na maneno hayo mawili. Alijua kutokana nayo kama dada yake ana mafua, kama analala vizuri, kama meno ya bandia yanamkaa.

*

Huko Marlbeck nahodha wao alishinda kura ya shilingi ya refa na, kwa ukorofi tu, akachagua kugeuza upande kabla mpira haujaanza. Watu waliokuwa wamekwisha kujipanga nyuma ya magoli wakaguna, wakabeba chai zao na mbwa wao, wakaanza kuhama.

"Huyo mtoto hakulelewa!" Cyril alinguruma. "Mimi nimeshaegemea hapa, mgongo umeshazoea!"

"Hama, babu, hama," walimjibu watu wa bluu wakipishana naye. "Zoea kuhama, mwakani mnahamia kwa wachunga bata!"

Enid alishtuka, maana salamu yake aliiandaa kwa mapumziko. Akaiweka tayari mdomoni. Msafara wa bluu ukapita, mwanamke mwenye mbwa mlemavu, wauza nyama, vijana, wazee. Ukaisha. Mavis hakuwamo.

Mpira ukaanza. Uwanja ulikuwa na tope katikati na nyasi pembeni, kama kichwa cha mtawa kilichonyolewa utosi. Kipa wa Marlbeck, kijana mwenye tumbo la heshima, alisimama hatua chache mbele ya watu wa Hebdale, nao wakamhudumia.

"Kipa! Hilo tumbo umelilipia nauli?"

"Nimelipa ya watu wawili, babu," kipa alijibu bila kugeuka. "Lako nimeona limekuja bure."

Enid hakucheka. Alikuwa akitazama ng'ambo, kwenye umati wa bluu nyuma ya goli la mbali.

"Unamtafuta nani?" aliuliza Cyril.

"Beki wetu wa kushoto. Sijamwona tangu mpira uanze."

"Hata kocha hajamwona."

Kisha kule mbali mikono ya bluu ikapanda juu, na kelele zikafuata zikiwa zimechelewa kidogo, kama zifanyavyo kwenye baridi. Marlbeck moja, Hebdale bila. Cyril akavua kofia. Wengine wakatukana miungu ya mpira. Enid alitega sikio tu. Alisubiri mlio ule aliouchukia miaka yote, na mara hii akauomba, lia, mjinga wewe, lia.

Chura hakulia.

Hapo ndipo baridi ilipomwingia kweli. Akawaza kwamba mtu anaweza kufa upande wa pili wa mlima na asiwepo wa kukwambia, kwa sababu wewe mwenyewe ulitangaza, kwa sauti, mbele ya kibanda cha chai, kwamba si wako.

*

Mapumziko. Enid aliwatangulia wote kwenye njia ya kupishana. Akanunua chai, akasimama kando ya kibanda huku watu wa pande zote wakimpita. Msafara wa bluu ukapita mpaka ukakauka. Halafu, nyuma kabisa, ikaja fimbo, na nyuma ya fimbo akaja mwanamke mfupi mwenye koti la kijivu, na mfuko wa sokoni ukining'inia begani.

"Bi Sugden," alisema Mavis, akihema.

"Bi Pickersgill."

Hapa ndipo miaka yote walipoendelea na safari. Lakini Mavis hakuweza kuendelea, alihitaji kupumzika, na Enid alikuwa na chai ya moto mkononi ambayo hangeweza kuikimbia nayo.

"Mwanzoni hukupita," alisema Enid.

"Nyonga mpya. Walipogeuza upande nilikuwa bado getini. Ulidhani nimekufa?"

"Nilidhani umehamia kwa mwanao."

"Ulidhani nimekufa," alisema Mavis, na akaketi kwenye benchi la kibanda.

Enid alimpa chai. Ilikuwa na sukari nyingi, namna Mavis alivyoipenda utotoni, na wote wawili wakajifanya hawakuona.

"Mmefunga goli," alisema Enid. "Sikumsikia."

"Bega linaniuma."

Lilikuwa bega lile lile lililobeba mfuko kutoka getini. Enid alilitazama bega, akautazama mfuko.

Mavis alipuliza chai. "Siku ile," alisema, "wala sikuangalia nani kafunga. Nilisikia watu wanapiga kelele, nikataka sauti ya baba iwemo. Nilipofumbua macho nikaona skafu zote zinazoruka ni za bluu. Nikasema, Mavis, umekwisha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulinipa nafasi?"

Refa akapuliza filimbi. Mavis aliingiza mkono mfukoni, akamtoa Chura, mpini umekuwa mweusi kwa viganja vya watu watatu, akamnyooshea Enid kwa shingo upande, vile vile kama zamani.

"Kipindi cha pili," alisema. "Chako. Huyu amenichosha, nimemshika mno."

Enid akampokea. Watu wa njano walikuwa wameshafika nyuma ya goli lao jipya, wa bluu nao wameshafika kwao, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakugeuza upande. Aliketi pale pale katikati.

"Enid!" Sauti ya Cyril ilivuka uwanja mzima. "Umeajiriwa kuuza chai?"

"Ndiyo!" alipaza Enid. "Na wewe hukopeshwi!"

Hebdale walicheza kipindi kile kama watu wanaotafuta funguo gizani, kwa bidii kubwa na bila mpango. Wakapata kona. Wakapata nyingine. Mvua nyembamba ikaanza, akina dada wakagawana sandwichi moja ya jibini, na Mavis akalalamika kwamba vitunguu ni vingi, kama alivyolalamika kwa kila sandwichi aliyowahi kutengenezewa na mdogo wake.

Dakika za mwisho kabisa, beki wa kushoto, yule yule aliyepotea, alijikuta peke yake na goli. Akapiga. Enid aliona mpira ukimpita kipa na tumbo lake, akasimama licha ya magoti yake ya mvua, akamzungusha Chura kwa nguvu zote za utoto wake. Krrraaa! Krrraaa! Krrraaa!

Mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani.

Uwanja mzima ulikuwa kimya, na katika kimya kile Chura peke yake alikuwa akishangilia goli ambalo halikuwapo. Kisha watu wakaanza kucheka, wa bluu na wa njano. Hata mshika kibendera alificha uso kwa kibendera chake.

"Bibi!" aliita kipa. "Umeona mpira gani mwenzetu?"

Mavis alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "Baba," alisema akifuta macho, "baba mtupu! Unakumbuka siku alipomzungusha Chura kwa goli la kuotea, akamwangushia mwenyekiti kofia?"

"Akasema ni upepo."

"Ndani ya banda!"

Walikuwa bado wanacheka filimbi ya mwisho ilipolia. Nyuma ya goli, watu wa Hebdale hawakuimba. Walivua kofia na kuwapigia makofi vijana wao waliolala topeni, makofi ya polepole, kama ya watu wanaosindikiza mgeni mlangoni. Wameshuka. Mwakani basi halitakuja Marlbeck, wala mwaka utakaofuata.

Wakaondoka uwanjani pamoja, kwa mwendo wa fimbo. Nje ya geti basi lilikuwa linanguruma, na Cyril alikuwa mlangoni akihesabu vichwa kwa macho mekundu.

Enid alimnyooshea Mavis Chura. Mavis akamrudisha kwa kiganja.

"Kaa naye. Nitamfanyia nini mimi, kipindi cha kwanza kimekwisha."

"Enid, mama, twende," alisema Cyril. Safari hii hata yeye aliongea taratibu.

Enid alikanyaga ngazi ya kwanza, akamshika Chura kifuani asije akalia. Alitazama barabara, akatazama mlima uliofunikwa na mvua, akatafuta kisingizio, na hakikuwapo hata kimoja. Mechi zilikuwa zimekwisha. Akashuka tena, akamwinamia dada yake karibu na sikio, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo hata dereva hakuisikia.

"Jumamosi hakuna mpira," alisema. "Njoo hivyo hivyo, Mavis wetu."