Hodi Tatu za Zainabo

Dona Margarida si mtu wa hapa Palma, pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Alikuja kutoka Zambezia, mbali huko kusini, na mume wake, karani wa serikali. Mume akafa kwa homa, yeye akabaki kufagia madarasa na kugonga kengele ya shule. Kiswahili chake mpaka leo kinachechemea, ila kusengenya anaweza. Nyumba aliyoachiwa ni ya matofali ya saruji, mlango wa chuma. Mlango huo ndio uliomponza.

Siku vita vilipoingia mjini, alasiri, watu walikimbia ovyo, wengine na sufuria kichwani. Jirani yake Zainabo hakuweza kukimbia. Mama yake, Bibi Alima, alikuwa na mguu mbovu, na nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti. Wakavuka kichochoro mpaka mlangoni kwa Margarida.

"Hodi," akasema Zainabo.

Mlango haukufunguliwa.

Kwetu pwani hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unaondoka. Kuzidisha ni kukosa adabu, na aliyelelewa amelelewa, hata risasi zikilia. Zainabo alipiga zake tatu, kwa sauti ya chini, akamwinua mama yake wakaenda. Walikaa porini siku nne bila maji ya maana. Bibi Alima akazikwa hukohuko, bila sanda.

Margarida alikuwa ndani. Aliniambia mwenyewe mwaka jana, tukisugua sakafu ya kanisa.

"Mkono ulikuwa kwenye komeo," alisema.

"Sasa mbona hukufungua?"

"Niliogopa. Nilijua akifika ya tatu ataondoka. Nikawa nahesabu."

Mimi maneno hayanipungui, lakini siku hiyo nilirudi kusugua palepale nilipokwisha kusugua.

Ndipo nikaelewa kwa nini, tangu arudi kutoka Pemba, ule mji wa kwetu Msumbiji alikokimbilia, hakwenda kupokea komunyo. Kanisani kwetu tuko tisa, asiyesimama anaonekana. Wengine walisema ana bwana. Bwana yupi, kwa ulimi ule! Hakuwa na mtu. Jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, akala amesimama, redio ikimsemesha Kireno.

Padre Estêvão, anayetufikia mara moja kwa mwezi, akamwungamisha. Margarida alitoka macho yamevimba.

"Kasemaje?" nikamwuliza.

"Kasema Mungu amenisamehe."

"Basi?"

"Basi nini? Hivihivi, bure? Nilimwomba adhabu kubwa, nitembee kwa magoti. Kanipa Baba Yetu moja, na niende kwa Zainabo."

"Baba Yetu moja!"

"Moja. Kasema neema ikiwa na bei si neema, ni duka."

Zainabo siku hizi anakaa Quitunda kwa kaka yake Faquir, katika zile nyumba walizojengewa watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Nilimsindikiza kwa kuwa peke yake angegeuzia njiani. Tulipofika, alirudi nyuma yangu, hodi nikapiga mimi.

"Karibuni," Zainabo akaitikia. Alikuwa uani, anapepeta mchele. Akainua macho. "Kumbe dona."

Margarida akapiga magoti mchangani. "Dada Zainabo, siku ile mimi ndani. Mimi nilisikia."

"Najua. Niliona vidole vyako vya miguu chini ya mlango."

Nikashindwa kunyamaza. "Uliviona, na ukaondoka?"

"Hodi tatu zilikuwa zimekwisha, dada. Nimvunjie mtu mlango?"

Akapepeta tena. Kuku walidonoa makapi na hakuna aliyewafukuza.

"Miaka yote hii," Zainabo akasema, "nilingoja uje uniambie ulikuwa umelala. Jibu lake nilishaliandaa, kali."

"Sikulala."

"Ndiyo, jibu umeniharibia." Akaweka ungo chini. "Usiku wa mwisho mama aliomba maji mpaka sauti ikakatika. Hilo ulijue."

"Nimekosa. Niwie radhi."

Zainabo akamsogelea. Nilidhani atamtemea mate, na kusema kweli nisingemlaumu.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu," akasema. "Hapa na kesho kiyama, sikudai. Inuka, unajichafua. Ila mchele huu usiungojee. Kula na wewe sijaweza."

Hatukupewa hata maji ya kunywa. Tukarudi.

Padre alipokuja mwezi uliofuata, Margarida alisimama na wenzake. Alipokea, akarudi kwenye benchi lake la ukutani, kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu. Nilitaka kwenda kukaa naye, nikaona nimwache.

Nje akanishika mkono. "Nimesamehewa," akasema. "Na nyumbani bado hakuna mtu."

"Ndiyo," nikamwambia. Ningemdanganya nini?

Akakaza kitambaa chake cha kichwa, akashika njia ya kwake.