Siku Mkuu Aliponiita Bila "Msomi"

Mkuu wa shule aliniita kwa jina langu tupu, na darasa zima likaacha kuandika.

"Keyona, njoo ofisini."

Basi. Hakuna "msomi."

Utasema hilo nalo ni jambo? Kwenye shule yetu ya Newark, Marekani, ile ya kuingia kwa bahati nasibu, kila mtu ni msomi. Msomi Keyona, chomekea shati. Msomi Keyona, macho kwa mwalimu. Hata adhabu unapewa kama msomi.

Rafiki yangu Tamika akaninong'oneza, "Shosti, umekwisha."

Ofisini nikamkuta mama na sare yake ya jiko la hospitali. Anatabasamu. Masikini, alidhani nimepata tuzo.

"Mama Keyona," mkuu akaanza, sauti laini, "hesabu zinamshinda. Mtihani wa jimbo ni mwezi ujao. Tunaona shule ya mtaani itamfaa zaidi."

"Mnamfukuza? Amebakiza miezi amalize."

"Hapa hatufukuzi mtu. Wewe ndiye unayemhamisha."

Nikajitosa. "Mwalimu, nitakuja hata Jumamosi. Niache nimalize na wenzangu."

Hakunitazama. "Naongea na mama yako, Keyona."

Mama akauliza, "Na mdogo wake, Jalen? Jina lake liko kwenye bahati nasibu."

"Tunazipenda sana familia zenye ushirikiano," mkuu akasema.

Mama hakunigeukia. Akasema sawa.

Nililia hadi nyumbani. Alichoniambia mama ni, "Wewe umeshachelewa. Mwache mwenzio apate."

Mwezi Juni mama akaniburuta kwenye mahafali yao, maana Jalen alikuwa amepata nafasi pale. Juu ya jukwaa kitambaa kikubwa: WASOMI WETU WOTE WAMEPATA CHUO. Watu wakashangilia kwa kualisha vidole, maana pale makofi huhesabiwa kelele. Mama aliwazidi wote.

Nikamtafuta Tamika jukwaani. Hayupo.

Nikaguswa bega. Kumbe yuko kiti cha nyuma yangu, na mama yake.

"Na wewe?"

"Walisema kemia inanishinda," akasema. "Shosti, safu hii yote ni sisi tuliohamishwa."

Mkuu akapita akisalimia wazazi. Akamwinamia mdogo wangu.

"Karibu, msomi Jalen."

Mama akatokwa na machozi ya furaha. Mimi nilipitwa kama kiti.

Shule ikikwambia haijawahi kufelisha mtu, usiangalie jukwaani. Geuka nyuma, utuhesabu.