Unga wa Kopo la Kijani

Kazi yangu ni kusaga unga. Nipo kwenye mashine ya mahindi hapa Mabawa, mweupe kichwa mpaka miguu, na wateja hawaishi utani. "Mzee wa unga, polisi hawajakupitia leo?" Na mimi huwajibu, "Walipita, wakaonja, wakaomba sukari." Tunacheka. Wengi hawajui kwamba kabla ya unga huu nilishika mwingine, na huo ndio ulionitoa jicho la kulia na vidole viwili vya mkono wa kulia.

Baruti ya bunduki sisi tuliiita unga. Neno lilikuwa la mzee mmoja wa Raskazone, mstaafu wa mashamba ya mkonge, aliyeanzisha klabu ya kulenga shabaha kule Pongwe, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Wanachama walikuwa wachache, wengi watu wazima. Risasi za kununua hazikumridhisha yule mzee. Alitaka kila moja ifanane na mwenzake kama shanga za uzi mmoja. Kwa hiyo maganda yaliyokwisha kupigwa tuliyaokota, tukayasafisha, tukayajaza upya kwenye stoo ya uani kwake. Kibali kilikuwa chake. Mimi nilikwenda pale kufyeka majani, shule niliiacha kabla ya kumaliza la saba, na sijui aliniona nini mkononi. Siku moja aliniita nishike mizani, sikurudi tena kwenye majani.

"Unapima kama sonara, wewe."

"Sonara ana dhahabu, mzee. Mimi nina njaa."

"Basi meza mate, upime."

Unga wetu, ule tulioupenda, ulikaa kwenye kopo la kijani. Chembe zake zilikuwa za kijivu, kama tambi zilizokatwakatwa na mtu asiye na haraka. Ukifungua mfuniko, harufu yake ilikuwa kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, yenye utamu ndani yake. Ulikuwa unga mpole. Haukuungua kwa pupa. Uliisukuma risasi kama mtu anavyosukuma mtumbwi, kwa nguvu lakini bila kuushtua. Matundu kwenye karatasi ya shabaha yalikaa pamoja, ukiyafunika kwa kifuniko cha soda yanafunikika. Mzee akiyaona hivyo alikuwa haniambii kitu. Alinipigapiga begani tu, na mimi siku hiyo nilikuwa nakula nyumbani kama mtu aliyepata mtoto.

Kulikuwa na makopo mengine. Lile jekundu lilikuwa la unga mkali, wa haraka, wa risasi ndogo; kwenye bunduki zetu ungepasua chuma. Kwa macho huo na wetu walikuwa mapacha. Ndiyo maana mzee alikuwa na sheria yake, aliirudia kila asubuhi kama dua: kopo moja mezani, na kilichotoka kwenye kopo kirudi kwenye kopo lake. "Unga haujijui jina," alisema. "Kopo ndilo linalojua."

Sasa nimtaje mtu. Jina nitaliacha, cheo kinatosha: katibu wa klabu. Alikuwa mpwa wa mzee, mtoto wa dada yake, mcheshi, mwenye kanzu nzuri kuliko zetu, na ufunguo wa stoo alikuwa nao. Bunduki aliipenda kwa ajili ya kupigwa picha nayo.

Na sisi watu wa pwani mnatujua kwa makopo. Kopo zuri halitupwi. La kakao linawekwa majani ya chai, la siagi linawekwa iliki, na mtu akija kwako macho yake yako kwenye kabati: hilo likiisha utanipa? Lile jekundu lilikuwa bati nene, na mfuniko wake una mpira ndani, hauingizi hata pumzi. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, inayolainisha biskuti kabla hujaila, kopo lile lilikuwa johari. Nilimsikia katibu kwa masikio yangu akimwambia mjomba wake, "Hili lingemfaa mke wangu kuwekea udi. Wake unapata ukungu." Mzee akamjibu, "Likiisha."

Halikuisha.

Ilikuwa asubuhi ya mazoezi, Pongwe. Nilijaza risasi jana yake kutoka kopo la kijani, nikapima moja moja. Mzee akasema, "Anza wewe, leo mkono wangu unatetemeka." Nikalala kifudifudi, nikavuta pumzi, nikabana. Bunduki ikatoa sauti isiyokuwa yake. Nakumbuka vumbi la chokaa, na mtu analia, nikashangaa ni nani yule anayelia hivyo.

Nilikuwa bado nimefungwa bendeji wakati klabu ilipokaa kikao. Habari ililetwa na fundi bunduki wetu. Alisema katibu alisimama mbele ya watu akatamka, "Kachanganya unga. Mtu la saba hajamaliza, mkampa mizani, mlitegemea nini?" Nikamuuliza fundi, na mzee je? "Mzee aliinamisha kichwa." Baadaye ukaja ujumbe kwamba nisihangaike kwenda tena Raskazone. Klabu ikafa. Na mimi nikabaki ni yule aliyechanganya. Jicho niliweza kuishi bila ya hilo. Lakini yule mzee kunidhania kwamba nilivunja sheria yake, hilo lilinila miaka.

Mwaka juzi tu, kulikuwa na harusi mtaani kwetu. Upande wa wanawake ulikosa makaa ya chetezo, ya kufukizia udi, nikaagizwa niyapeleke. Aliyeyapokea mlangoni alikuwa mke wa katibu, mwanamke mwema, hana kosa. Kwapani kabana kopo jekundu.

"Shemeji," nikasema, "kopo zuri hilo."

"Eh, usilitamani! Hili lina umri. Mume wangu alinipatia, wakati ule wa bunduki zenu. Lilikuwa na uchafu wenu mweusimweusi nusu, akaumimina kwenye kopo jingine ndio akaniletea. Nililiosha siku nzima, likinuka kama dawa ya rangi ya kucha."

Nikampa makaa. Ningemwambia nini, na ngoma inalia?

Kesho yake nikapanda bajaji mpaka Raskazone. Mzee alikuwa barazani, amepungua, miguu ndani ya blanketi kwenye joto lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilijua utakuja, ila sikujua kama nitakuwepo."

Nikamweleza lile kopo, lote, mpaka harufu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao wake. Nilijiandaa hata kwa machozi, Mungu anisamehe, niliyatamani. Akatazama geti.

"Niliingia stoo jioni ile ile uliyoumia," akasema. "Jekundu halikuwepo. Nikajua."

"Ukajua?"

"Yeye ni mtoto wa dada yangu. Ningemweka wapi? Wewe nilikuona una moyo wa kuvumilia."

Ndani mtu alikuwa akiosha vyombo, nikasikiliza vyombo.

"Usimwambie mtu," akasema, "mpaka nikifa."

Alikufa mwezi wa mfungo. Katibu ndiye aliyepokea rambirambi, amevaa kanzu nzuri, akanipa mkono kama watu wote. Basi nimengoja kama nilivyoambiwa, na sasa nasema: aliyemimina ni katibu, na aliyenyamaza ni mzee. Mimi nilipima.

Ila lipo jingine, nalo linaniudhi kuliko yote. Siku ile barazani, nilipoinuka niage, alininyooshea mkono kama zamani. Nikampa wangu, huo huo wa kulia. Akaushika, kidole gumba chake kikatembea polepole mahali vidole vyangu vilipokuwa, kinatafuta, kinarudi. Ningeweza kuuvuta. Sikuuvuta. Nilisubiri anipigepige begani.