Mhadhiri Aliyehesabiwa Kuwa Watu Wawili

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Flashi amesimama kwenye mlango wa mhadhiri wa tatu asubuhi hiyo, flashi ya kompyuta ikining'inia shingoni.

"Daktari, makala yako ya mwezi uliopita sijaiona."

"Nitakutumia, mama."

"Uliniambia hivyo kabla sijaota mvi. Leo siondoki."

Mhadhiri anacheka, anamsogezea kompyuta.

Hiyo ndiyo kazi ya Mama Flashi kwa miaka tisa katika maktaba ya chuo kikuu: kukusanya tafiti za wahadhiri na kuziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili chuo kijue nani ameandika nini, na yeyote anayetaka asome bure. Barua pepe zake wanazipuuza, kwa hiyo anatumia miguu. Kati ya machapisho 4,300 yaliyomo, anakadiria zaidi ya nusu aliyafuata mwenyewe, ngazi kwa ngazi.

Wiki iliyopita ilikuwa patashika. Mhadhiri wa lishe, mama wa watoto wawili, aliomba kupandishwa cheo. Kamati ilipofungua hifadhi ikakuta makala tano. Zilitakiwa nane, na kikao kilikuwa Alhamisi saa nane mchana.

"Alikuja asubuhi hiyo machozi yanamlengalenga," anasimulia Mama Flashi. "Nikamwambia, mwanangu, keti kwanza. Kabla hujaolewa ulikuwa unaandika kwa jina gani?"

Makala sita za mwanzo zilikuwa kwa jina la baba yake. Zilizofuata, kwa jina la mume. Hifadhi ilimhesabu kuwa watu wawili, kila jina na ukurasa wake.

"Na ukurasa wa pili niliufungua mimi," anasema, bila kuzungusha maneno. "Harusini kwake nilikwenda, nikala nikashiba, na bado sikujiuliza!"

Alilinganisha makala moja moja, akaunganisha kurasa. Saa nane kasoro dakika ishirini, kamati ikapata orodha ya makala kumi na moja, pamoja na barua fupi: kosa ni la maktaba, si la mhadhiri.

Jioni simu ikaita. "Mama, nimepita!"

Sasa anapitia kurasa za wahadhiri wote 212; ameshagundua wengine wanne waliogawanyika. Mkuu wa maktaba amekubali ombi lake: kuanzia muhula ujao, kila mhadhiri mpya atapewa namba moja ya kudumu, ya kuunganisha makala zake zote, siku anayoripoti kazini.

"Aolewe, aachike, alikate jina kwa sababu refu limemchosha," anasema Mama Flashi, "jasho lake litamfuata."